Kipupwe, Masika na Haki: Kuandaa Biashara Zetu kwa Majira Magumu ya Nyanda za Juu Kusini

Mada kwa viongozi wa walei, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo na wafanyabiashara wadogo wa Mbeya na Iringa

1. Utangulizi

Huenda baadhi yetu wamejiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani imechagua kuzungumzia baridi, mvua na biashara. Wengi tumezoea kuona hali ya hewa kama jambo la Mungu peke yake, na biashara kama jambo la mtu na mfuko wake. Lakini tukiangalia kwa makini maisha ya parokia zetu, toka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, tunaona kwamba kila mwaka majira yaleyale huja na kuwakuta watu walewale hawajajiandaa, na kwamba hasara inapoingia haigawanywi sawa. Mwenye ghala hupata nafuu, mwenye tenga moja la nyanya hupoteza mtaji wote. Mvua hunyesha juu ya wote, lakini si wote wenye paa. Hapo ndipo jambo la hali ya hewa linapogeuka kuwa jambo la haki.

Katika mada hii tutatazama mambo matatu. Kwanza, majira yetu na jinsi yanavyokatiza kazi. Pili, maandalizi ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuyafanya kwa uwezo wake. Tatu, mwenendo unaotupasa wakati shida imekwisha kufika, maana wakati huo ndipo imani ya mtu hupimwa sokoni.

2. Majira yetu na madhara yake

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wafanyabiashara hujiandaa kwa theluji inayofunga barabara na kukata umeme. Sisi hatuna theluji hiyo, lakini tuna majira mawili yanayofanya kazi ileile ya kufunga njia na kuharibu mali.

Majira ya kwanza ni kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Mbeya mjini usiku wa miezi hiyo joto hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Katika Makete na uwanda wa Kitulo hufika sifuri na hata kupita chini yake, na alfajiri majani huonekana meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ambayo jua likiipiga huacha viazi na maharage vimeungua kana kwamba vimepitiwa na moto. Wakulima wa chai wa Mufindi wanaijua vizuri. Hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana bustani za vinyungu, ambazo ndizo tegemeo la familia nyingi za Iringa na Njombe wakati wa kiangazi, huumia kabla ya mashamba ya mlimani. Kipupwe huleta pia ukungu barabarani asubuhi, upepo unaoangusha miti juu ya nyaya za umeme, na vifo vya vifaranga. Kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku mmoja wa uzembe unaweza kumaliza banda zima.

Majira ya pili ni masika, ambayo kwetu ni msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Rungwe, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hakuna mwezi wa kuitwa mkavu kabisa. Isimani, kwa upande mwingine, ni kukavu, lakini mvua chache zinazonyesha hushuka kwa kishindo na kuchimba barabara za udongo kwa siku moja.

Biashara yetu karibu yote hupita katika uzi mmoja, nao ni barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Barabara hiyo hupanda Kitonga, hupita Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, kisha hushuka kwenda Tunduma. Lori moja likiharibika au kupinduka katika kona za Kitonga wakati wa mvua, nyanya za Ilula, viazi vya Njombe na ndizi za Tukuyu husimama foleni moja pamoja na shehena za Zambia na Kongo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo hupita katika milima migumu kati ya Mlimba na Makambako, kwenye mahandaki na madaraja mengi, mahali ambapo udongo uliolowa huweza kuteleza na kufunika njia.

Wazee wetu wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizokata barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Hata vijana wana kumbukumbu yao wenyewe. Katika msimu wa 2023 na 2024 El Niño ilirudi. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua hizo, wengine 236 wamejeruhiwa, na zaidi ya kaya 51,000 zimepata madhara. Mwezi huohuo, jijini Mbeya, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufunika nyumba katika kata ya Itezi. Msiba wa namna hiyo hauchukui nyumba peke yake. Huchukua pia cherehani iliyokuwa ndani, mashine ya kusaga, genge lililokuwa mbele ya mlango, na daftari la madeni ambalo ndilo lililokuwa benki ya familia.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba majira haya hutujia kwa ghafla. Tarehe kamili hatuijui, lakini mwezi tunaujua.

3. Hasara humwangukia nani?

Yafaa tulitazame swali hili bila kufumba macho. Gari lililobeba viazi likikwama siku nne katika barabara ya kijijini, ni nani anayelipa? Mwenye gari atadai nauli yake, kwa kuwa gari limekwenda. Dalali atasema bei ya sokoni imebadilika. Mnunuzi atakataa magunia yaliyoloa. Utingo na wapakiaji wataambiwa wasubiri. Mwisho wa mlolongo wote anabaki mkulima, na nyuma yake kibarua aliyepalilia na kuvuna kwa ahadi ya kulipwa baada ya mauzo. Hawa wawili hawakuendesha gari wala hawakupanga bei, lakini ndio wanaobeba mzigo.

Vilevile umeme ukikatika wiki nzima, mwenye mashine kubwa huwasha jenereta na kupandisha bei ya kusaga. Mwenye saluni ya kiti kimoja hufunga mlango. Mwuza maziwa wa Rungwe, ambaye maziwa yake mabichi huanza kuharibika baada ya saa chache yasipopozwa, humwaga ndoo. Mama lishe wa kituo cha basi hupika chakula cha abiria ambao hawakufika, naye deni la mchele liko palepale.

Katika hali hiyo mtu hukimbilia mkopo wa haraka. Kuna wanaokopesha kwa riba ya mwezi ambayo hata biashara yenye faida haiwezi kuilipa, wakishika rehani ya kitanda, simu au shamba. Tume zetu zimekuwa zikipokea malalamiko ya namna hii miaka mingi. Nyingi ya kesi hizo, ukizifuatilia hadi mwanzo wake, hazikuanza kwa ulevi wala uvivu. Zilianza kwa mvua ya wiki mbili iliyomkuta mtu hana akiba.

4. Maandalizi yaliyo ndani ya uwezo wetu

(a) Kusikiliza utabiri na kuutumia

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa mvua kabla haujaanza, na hutoa pia mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kadhalika hutoa tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali siku chache kabla. Habari hizi hutangazwa redioni na hupatikana kwenye simu. Tatizo letu ni kwamba tunazisikia kama tunavyosikia matangazo ya vifo vya mbali. Utabiri si unabii, na wakati mwingine hukosea. Lakini mtu anayeambiwa kwamba kuna dalili za mvua kubwa akaacha mahindi yake uwanjani, huyo hawezi kumlaumu mtabiri.

Tunashauri kila jumuiya imteue mtu mmoja, yamkini kijana mwenye redio au simu, awe anasoma taarifa ya hali ya hewa mwishoni mwa sala za kila wiki. Ni kazi ya dakika mbili tu.

(b) Kutunza mazao na bidhaa

Mahindi ya nyanda zetu huvunwa wakati ukungu na manyunyu hayajaisha. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu huota ukungu na kuzaa sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo haiondoki kwa kupikwa. Yafaa unyevu usizidi asilimia 13 na nusu. Asiye na kipimo atumie njia hii rahisi: achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kidogo na chumvi kavu, aitikise vizuri na kuiacha dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Ikiwa chupa ni safi, yamekauka.

Magunia yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yapangwe juu ya chaga za miti, na paa likaguliwe Oktoba, si Desemba. Viazi viwekwe mahali penye giza na hewa, maana viazi vilivyopigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Mwenye duka la nguo, vitabu au saruji apandishe rafu ya chini walau urefu wa futi moja kutoka sakafuni, na awe na turubai moja zima tayari. Turubai linalonunuliwa siku ya mvua huwa ghali kuliko lile la kiangazi.

Kwa bustani za mabondeni, zao linaloogopa sakitu lisipandwe katika sehemu ya chini kabisa ya bonde. Vitalu vifunikwe kwa nyasi jioni na kufunuliwa asubuhi. Udongo uliomwagiwa maji jioni hushika joto la mchana kuliko udongo mkavu, hivyo kumwagilia kabla ya usiku wa baridi kali husaidia. Wakati wa unyevu na ubaridi wa masika, ugonjwa wa ukungu wa viazi husambaa kwa siku chache, kwa hiyo mkulima alitembelee shamba kila mara na kupata ushauri wa bwana shamba mapema. Mbegu zinazovumilia ugonjwa zimefanyiwa kazi kwa miaka mingi na watafiti wetu wa Uyole. Kuziulizia ni bure.

(c) Njia na usafirishaji

Mfanyabiashara mwenye njia moja, mteja mmoja na gari moja, huyo amejifunga kamba shingoni mwenyewe. Tujue njia ya pili, hata kama ni ndefu. Tujue nani kijijini ana mkokoteni wa ng'ombe au trekta la kuvuta mzigo hadi lami. Bidhaa zisizooza, kama chumvi, sabuni, mafuta ya taa na dawa za mifugo, ziletwe vijijini kabla ya Desemba. Mazao yanayooza haraka yauzwe sehemu ya karibu kwanza, au yasindikwe: nyanya zikaushwe, ndizi zikatwe na kuanikwa wakati jua lipo.

Tunawasihi pia wenye magari. Kumlazimisha dereva ashuke Kitonga au Inyala katika ukungu mzito na mvua ili awahi soko ni kuuza roho ya mtu kwa bei ya nyanya. Dereva anayesema "nimesimama mpaka kweupe" asikatwe mshahara wala asitukanwe.

(d) Akiba ya siku za mvua

Tuchukue mfano wa mama lishe anayepata faida ya shilingi 6,000 kwa siku, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi. Akiweka kando shilingi 500 kila siku ya kazi, kwa mwezi anakuwa na 13,000, na kwa miezi sita, kuanzia Mei hadi Oktoba, anakuwa na 78,000. Hiyo ni faida ya siku 13. Kwa hiyo barabara ikifungwa wiki mbili, familia itakula bila kugusa mtaji wala kwenda kwa mkopeshaji wa riba. Shilingi 500 ni bei ya kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Fedha hii isichanganywe na mtaji, wala isikae nyumbani yote. Chama cha kuweka na kukopa au kikundi cha VICOBA ni mahali pazuri, mradi kikundi kikubaliane mapema kwamba mfuko wa jamii unaweza kutolewa kwa dharura ya mvua na baridi, na si kwa misiba na harusi tu. Sehemu ndogo ibaki taslimu, kwa sababu umeme na mtandao vikikatika, fedha iliyo kwenye simu haiwezi kununua hata kibiriti. Na daftari la madeni liwe na nakala, iliyowekwa nyumba nyingine.

(e) Moto wa mkaa: onyo maalumu

Hapa tunaomba msikilize kwa makini zaidi, maana katika jambo hili kinachopotea ni uhai wenyewe. Katika usiku wa kipupwe wengi wetu huingiza jiko la mkaa ndani, hufunga madirisha na kulala. Walinzi hufanya hivyo katika vibanda, wafugaji wa kuku katika mabanda, wauza duka wanaolala humohumo dukani, na baadhi ya nyumba za wageni huwapa wateja jiko chumbani. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa hewa ya sumu ambayo haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Hushika damu mahali pa hewa safi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala usingizi asioamka. Jiko lisilo na moshi si jiko lisilo na sumu.

Kwa hiyo jiko litolewe nje kabla ya kulala, bila kujali baridi. Chumba cha vifaranga kiwe na matundu ya hewa juu, na mtu asilale ndani yake. Jenereta isiwashwe ndani ya duka. Mwajiri ambaye mlinzi wake anakesha katika baridi ampe koti zito na blanketi. Kumwachia gunia la mkaa na kibanda kisicho na dirisha ni kumweka katika hatari ya kifo.

5. Haki wakati barabara imefungwa

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza jinsi Yusufu alivyoweka akiba ya nafaka Misri kwa miaka saba ya neema, na jinsi akiba hiyo ilivyookoa watu katika miaka saba ya njaa. Habari hiyo huhubiriwa mara nyingi, na ni vema. Lakini mara chache tunaendelea hadi sura ya 47. Huko tunasoma kwamba watu walitoa kwanza fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwisho nafsi zao, ili wapate chakula kilekile. Akiba iliyokuwa mkononi mwa mmoja iliwaokoa na njaa, na papo hapo ikawafanya watumwa wa Farao. Tujifunze mambo yote mawili: kwamba ni lazima kuweka akiba, na kwamba akiba ikimilikiwa na wachache inaweza kuwa mtego kwa wengi.

Kwa msingi huo, tunapendekeza kwenu kanuni nne.

Kanuni ya kwanza inahusu bei. Gharama ikipanda kwa kweli, kwa sababu mzigo umezunguka njia ndefu, ni halali bei ipande kwa kiasi hicho. Lakini kuficha unga na sukari ili kungojea kilio cha watu, au kupandisha bei ya bidhaa iliyonunuliwa kabla ya mvua kwa bei ya kiangazi, ni kula jasho la jirani. Nabii Amosi katika sura ya 8 aliwakemea watu wa namna hiyo.

Kanuni ya pili inahusu mizani. Wakati wa masika mnunuzi humwambia mkulima, "Barabara mbaya, nijazie lumbesa." Mkulima anayeogopa viazi visiozee hukubali gunia lenye kichwa cha juu na shingo ya kamba. Sheria ya Vipimo na kanuni zake haziruhusu ufungashaji wa namna hiyo, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Tope la barabarani halibadilishi uzito wa kilo. Wakulima wakikataa lumbesa mmoja mmoja watashindwa. Wakikataa kijiji kizima, wakiwa na mizani ya pamoja, mnunuzi atapima.

Kanuni ya tatu inahusu ujira. Kibarua aliyemaliza kazi yake amekwisha kustahili malipo, hata kama gari limekwama. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza alipwe kabla ya jua kuchwa, na Kanisa limefundisha juu ya ujira wa haki tangu waraka wa Rerum Novarum wa Papa Leo XIII mwaka 1891. Mwajiri ambaye hana fedha siku hiyo aseme ukweli, alipe sehemu, na aandike tarehe ya kumalizia. Sisi tunaowaajiri ndugu wa ukoo tujihadhari zaidi, kwa kuwa ndio tunaowacheleweshea kirahisi.

Kanuni ya nne inahusu mapatano. Kabla mzigo haujapakiwa, mkulima, dalali na mwenye gari wakubaliane mbele ya mashahidi: gari likikwama, nani atalipa gharama za kulikwamua? Mzigo ukioza njiani, hasara itagawanywaje? Karatasi moja yenye sahihi tatu inaweza kuzuia ugomvi wa miaka mitatu. Mapatano yasiyoandikwa wakati wa jua hugeuka matusi wakati wa mvua.

6. Kazi ya jumuiya na ya kamati zetu

Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya hata akiwa na bidii.

Mitaro na makalavati ya barabara za vijijini yasafishwe Oktoba, kabla ya mvua za kwanza. Kazi ya mikono ya wanakijiji ni msaada, lakini haiondoi wajibu wa serikali. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA. Kamati ya Haki na Amani ya parokia inaweza kuandika barua yenye maelezo ya wazi: ni barabara ipi, daraja lipi, limeharibika tangu lini, na wanakijiji wangapi wanalitegemea. Nakala iende kwa diwani. Barua ya heshima yenye ukweli hurudiwa mpaka ijibiwe.

Ghala la pamoja la kijiji au la kikundi humwezesha mkulima mdogo kungoja barabara ikauke badala ya kuuza kwa hofu. Liwe na kamati inayotoa hesabu hadharani, na wanawake wawemo, maana ndio wanaojua kiasi kinachohitajika kulisha nyumba hadi mavuno.

Tusisahau milima yenyewe. Mteremko uliokatwa miti yote na kulimwa kwa matuta yanayoshuka hauna cha kuushika udongo wakati wa mvua kubwa. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa 2015 alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikika pamoja. Mbeya tuna sababu ya kuelewa fundisho hilo. Kabla hatujajenga kibanda cha biashara chini ya kilima kwa kuwa kiwanja ni cha bei nafuu, tumwulize mzee wa mtaa maji yalipita wapi miaka iliyopita.

Hatimaye, kila jumuiya iwe na orodha ya wale watakaoumia kwanza: wajane wenye magenge, wagonjwa, vijana wapangaji, wazee wanaolea wajukuu. Njia ikifungwa au baridi ikizidi, wao watembelewe kwanza, kabla hawajaomba.

7. Hitimisho

Ndugu wapendwa, hatukuja kuwaambia kwamba maandalizi yatazuia mvua wala baridi. Kipupwe kitakuja, na masika yatakuja. Tunachosema ni kwamba kati ya mvua na umaskini kuna mambo mengi yaliyomo mikononi mwetu: paa lililozibwa, daftari lenye nakala, mapatano yaliyoandikwa, gunia lililopimwa kwa haki, shilingi 500 ya kila siku, jiko lililotolewa nje. Haya si makubwa, lakini yakikosekana mtoto huacha shule na shamba huuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wetu hatuna tofali za ukuta huo. Basi tuanze na ufa, tuuzibe mapema na kwa pamoja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Msimu uliopita, ni biashara zipi katika mtaa wetu zilisimama, na kwa siku ngapi? Nani alibeba hasara?

2. Je, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina kanuni juu ya dharura ya mvua na baridi? Kama hakina, nani ataiandika, na lini?

3. Lumbesa inaendelea katika soko letu? Tunaweza kuchukua hatua gani kwa pamoja bila kuleta ugomvi?

4. Ni nyumba zipi tunazozijua ambamo watu hulala na jiko la mkaa ndani? Nani atawatembelea wiki hii?

5. Ni daraja au barabara ipi ambayo kamati yetu iiandikie barua kabla ya mwezi Oktoba?